Nani Atamfungua Tara Macho?

Tik.

Tik, tik.

Hapo ndipo tulipoachana wiki jana, msomaji wangu. Norzom kasimama pekupeku koridoni nyumbani kwake Jackson Heights, huko Queens, alfajiri, giza bado zito. Mumewe hajarudi kutoka zamu ya usiku. Mtoto amelala. Na sebuleni kuna mtu anagonga brashi kwenye ukingo wa kikombe.

Aliyelelewa nyumbani kwa mchoraji haikosei sauti hiyo. Brashi ikitoka majini hugongwa ukingoni ili tone la ziada lidondoke. Mwizi hagongi brashi. Mwizi hana adabu hiyo.

Na sebuleni humo, mnakumbuka, alikuwemo Tara wa Kijani, mungu wa kike wa Wabudha, kwenye fremu yake ya mbao, kila kitu kimekamilika, vito, vidole, petali za ua alilokalia, kila kitu isipokuwa macho. Macho ndiyo huchorwa mwisho. Kabla hayajafunguliwa ile ni rangi na kitambaa. Yakishafunguliwa, ni yeye mwenyewe. Siku ya kuyafungua ilikuwa ndiyo hii inayokucha, mwezi mpevu wa kwanza wa mwaka mpya wa Kitibeti.

Norzom akabonyeza swichi.

Mbele ya picha, pembeni yake mshumaa mmoja, miguu ameikunja, mdomo ameufunga kitambaa asiupumulie uso mtakatifu, brashi mkononi, aliketi baba yake mzazi.

Mzee Ngodup. Yule yule aliyeweka brashi chini mkono wake wa kulia ulipoanza kutetemeka, akaapa kwamba hatamgusa Tara wala mwingine yeyote kwa mkono usiomtii.

"Zima taa," akasema. "Utamwamsha mtoto."

"Baba, umemfanya nini?"

"Sijamfanya kitu. Ndiyo hasira yangu."

Norzom akapiga magoti, akasogeza uso karibu. Kweli. Macho yote mawili yalikuwa meupe kama punje za mchele. Suruali ya kulalia ya mzee ndiyo iliyochafuka, madoa meusi kutoka gotini hadi pajani. Alikuwa amejaribu. Kila brashi ilipokaribia, mkono ulicheza, naye akaurudisha haraka, tone likaangukia mguuni mwake.

Sasa kwa yule aliyekosa gazeti wiki jana, nimpe habari kwa ufupi tusonge mbele.

Mchana huu, kwenye jumba moja la sanaa huko Manhattan, yanafunguliwa maonyesho ya sanaa ya Kichina na Kitibeti. Tara wa Norzom ndiye aliyepewa ukuta wa katikati. Mkurugenzi wa jumba, Bi Marjorie Teale, aliwahi kuona Wachina wakicheza simba. Simba wa Kichina, kinyago kikubwa chenye watu ndani, haamki mpaka mgeni wa heshima amtie macho kwa brashi mbele ya watu. Bi Teale alipenda sana. Akaona kinachomfaa simba kinamfaa na Tara. Akawatangazia wageni wake kwamba macho ya Tara yatafunguliwa hadharani na Bwana Haldane, mzee tajiri ambaye jina lake limechongwa juu ya mlango wa jumba.

Norzom alikataa kwenye simu. Bi Teale akamjibu kwa sauti tamu kwamba baba yake ameshakubali. Norzom akakata simu akiamini yule mama ni mwongo.

"Baba," akasema sasa, "yule mama anadai ulimkubalia."

Mzee akafungua kile kitambaa mdomoni. Akakikunja. Akakikunjua.

"Nilikunywa," akasema.

"Ulikunywa nini?"

"Pombe yake."

Ikabidi Norzom akae chini.

Mzee akasimulia, macho kayatupa pembeni. Zilikuwa siku za mwaka mpya, Norzom yuko kazini kwake kulea watoto wa watu. Bi Teale alikuja bila kualikwa, amebeba machungwa, skafu nyeupe ya hariri na chupa ya pombe ya shayiri. Sijui nani alimfundisha. Akamvisha mzee skafu shingoni, kwa mikono miwili, vizuri kabisa. Akamimina. Mzee akaonja, akaongezewa, akaonja, akaongezewa, akamaliza yote kama adabu inavyotaka. Alidhani ni pombe ya sikukuu. Glasi ilipokauka ndipo mgeni akatoa ombi lake.

Anayewajua Watibeti ameshashika kichwa. Kwao mwenye haja nzito, awe anaposa binti au anaomba msamaha wa jambo kubwa, huja na skafu na pombe. Ukiivaa na ukainywa, umekubali. Hakuna tena maneno. Kuna wanawake wamepata waume kwa namna hiyo wenyewe wakiwa kisimani.

"Lakini yeye hajui kwamba alikufunga," Norzom akasema. "Kwake ilikuwa zawadi tu. Kama mtu kukupelekea keki."

"Yeye hajui. Mimi najua."

"Kwa hiyo ndiyo unaamka gizani kama mwizi wa kuku?"

"Kumkatalia siwezi. Nikaona nifungue mwenyewe sasa hivi, akija nimwambie, pole mama, umechelewa."

Norzom alitaka kucheka, akashindwa. Alimtazama baba yake, fundi aliyefungua macho ya picha zisizohesabika, amekaa na suruali yenye madoa akipanga hila za kitoto.

"Nipe mimi," akasema.

Mzee akaanza kusuuza brashi.

Neno hilo lilikuwa limekaa kati yao muda mrefu bila mtu kuligusa. Kwa wachoraji hawa mwanafunzi husaga mawe ya rangi, huchora mawingu, hupaka majani, na akikomaa hupewa mwili na hata uso. Macho ni ya mwalimu. Siku mwalimu anapokukabidhi brashi ya macho, siku hiyo na wewe umekuwa fundi. Hupewi, basi, hata uchore mpaka nywele ziwe nyeupe. Mzee Ngodup alikuwa hajampa mtu brashi hiyo. Tangu mkono wake uharibike, mpaka alipoanza kumchora Tara huyu, Norzom alikuwa akichora mawingu na milima ya kuuzia watalii, vitu visivyo na macho.

"Uso umeuchora vizuri," mzee akasema polepole. "Pua ni nzuri kuliko pua zangu."

"Basi nipe nimalize. Leo ndiyo siku."

"Siwezi, mwanangu. Macho haya nimeshayanywa. Nitakupaje kitu ambacho si changu?"

Hapo Norzom akaelewa mahali alipobanwa. Hakuwa na ugomvi na Bi Teale peke yake. Alikuwa na ugomvi na tumbo la baba yake.

Akasimama. Skafu ilikuwa imetundikwa juu ya madhabahu, karibu na bakuli za maji. Akaitoa.

"Unafanya nini?"

"Naenda kuirudisha."

Mzee akaruka kama kijana. Akasema skafu hairudishwi. Akasema kumrudishia mtu skafu yake ni kumpiga kofi mbele za watu, na kwamba mtaa mzima utasema binti wa Ngodup hana malezi, na mama yake marehemu angelia.

"Waseme," Norzom akasema. "Mama angeshika upande mmoja na mimi upande mwingine."

Mara honi ikalia nje.

Gari la jumba la sanaa lilitakiwa lije saa nne. Kumepambazuka tu, na wanaume wawili wenye glavu nyeupe wako ngazini wakisema wametumwa kuwahi. Norzom alikuwa chumbani akimvisha binti yake Pelkyi soksi. Aliporudi sebuleni, Tara alikuwa ameshafunikwa hariri ya manjano, baba yake mwenyewe ndiye aliyeshikilia mlango uwe wazi.

"Baba, unawapa?"

"Picha iende. Nilikunywa."

Alisema bila kumtazama. Wale wanaume wakashuka na Tara ngazi kwa ngazi.

Norzom hakubishana. Akambeba binti yake, akakimbia, akafungua mlango wa mbele wa gari akaingia. Dereva akamwambia hairuhusiwi. Norzom akamwambia amtoe basi. Dereva akamtazama Norzom, akamtazama mtoto mwenye soksi moja, akawasha gari.

"Tunaenda wapi?" Pelkyi akauliza.

"Kurudisha kitu cha watu."

*

Alidhani ataimaliza kimyakimya. Msomaji, nataka hili lieleweke, kwa sababu baadaye watu walisema mengi. Norzom hakwenda kumwaibisha mtu. Alitaka ampate Bi Teale pembeni, amrudishie skafu, amweleze, waishie hapo.

Lakini Bi Teale hakupatikana. Alikuwa akipita mbio na simu sikioni, amevaa koti la hariri jekundu, akisema mpenzi, baadaye, mpenzi, baada ya sherehe. Norzom alimfuata ngazi ya juu, akamfuata ya chini. Mara ya mwisho Bi Teale alimshika mabega, akambusu shavu, akamwomba avae lile vazi lake la kienyeji lenye aproni ya milia, kwa ajili ya televisheni. Kuhusu macho alisema hilo limekwisha, baba amebariki, na Bwana Haldane amefanya mazoezi wiki nzima kwenye karatasi.

Tara alikuwa tayari ukutani, bado amefunikwa hariri yake. Mlinzi kasimama mbele. Amri ilikuwa asiguswe mpaka mchana.

Norzom akatoka nyuma, akamkuta Shen.

Mjomba Shen, kama wote walivyomwita, alikuwa mchinjaji wa bata huko Flushing kabla ya kustaafu, na sasa ni kiongozi wa wacheza simba. Alikuwa amekaa juu ya ngoma yake akila vidonge vya unga wa mchele vyenye ufuta ndani, kwani kwa Wachina nao ilikuwa sikukuu ya taa. Akampa Pelkyi kimoja kabla hata hajamsalimia mama yake. Kichwa cha simba kiliwekwa sakafuni, macho meupe, kinasubiri.

Norzom akamsimulia yote. Shen akatafuna, akasikiliza.

"Simba wangu hachagui," akasema mwishowe. "Ametiwa macho na madiwani, ametiwa macho na muuza simu, na mara moja na bwana aliyekuwa mlevi kabisa, akamtia puani. Akacheza hivyo hivyo. Simba ni wa watu. Lakini bibi yangu alipochongewa mungu wake wa kike, fundi alifunga mlango kwa ndani. Hata bibi mwenye nyumba alisubiri nje kwenye mvua. Huyu mama anachanganya mchuzi na chai."

"Nitamwambia mbele ya watu. Sina njia nyingine."

"Watakutoa."

"Wanitoe."

Shen akajipangusa unga mdomoni, akamtazama kwa jicho la mfanyabiashara anayepima bata.

"Mimi ni mgeni wao, siwezi kuwazuia," akasema. "Ila simba akishaamka mimi simmiliki. Anakwenda anakotaka. Analala anakotaka. Na kumruka simba aliyelala ni mkosi, kila mtu anajua."

"Bwana Haldane hajui."

"Atajua leo."

*

Saa nane ukumbi ukajaa.

Mbele walikaa wageni wa Bi Teale, glasi mkononi. Nyuma kabisa, wamesimama, walikuwapo wanawake wa Jackson Heights, waliopanda treni kwa kundi wakiwa na magauni yao marefu na aproni za milia, kwa sababu mtoto wa mtaani kwao kapewa ukuta Manhattan na hilo si jambo la kuhadithiwa. Dada Lhazey, yule muuza momo, zile sambusa za mvuke, alikuwa amembeba Pelkyi.

Ngoma ikalia. Bwana Haldane akainuka, mrefu, mkavu, fimbo mkono mmoja na brashi mkono mwingine. Akamtia simba macho. Hakukosea, nasema ukweli. Simba akapepesa, akatikisa masikio, akaruka, akala saladi akawatemea wageni majani, na ukumbi mzima ukacheka, wa mbele na wa nyuma pamoja.

Bi Teale akachukua kipaza sauti. Akasema sasa tunaelekea kwenye siri ya Tibeti. Akamshika Bwana Haldane mkono, wakaanza kwenda kwenye ukuta wa katikati.

Norzom akatoka kwenye kundi.

Alifika mbele ya Bi Teale, akaitoa skafu nyeupe, akaikunjua, akaiweka juu ya viganja vya yule mama kwa mikono miwili.

Kule nyuma wanawake wote waligeukiana. Dada Lhazey alijifunika mdomo. Mwanamke mmoja akanong'ona kwa lugha yao, na kila aliyezaliwa na lugha hiyo akasikia: kamrudishia.

Na Bi Teale alifanya nini? Machozi yalimlengalenga. Akainama. Akaichukua skafu akaivaa shingoni mwake, akaweka mkono kifuani. Wageni wa mbele wakapiga makofi.

Norzom akabaki ameduwaa. Lile kofi kubwa kuliko yote ambayo mtu wa kwao anaweza kumpiga mwenzake, yeye alikuwa amelipiga, na aliyepigwa alikuwa anashukuru.

Basi akanyoosha mkono, akakichukua kipaza sauti.

"Hii si zawadi," akasema, na sauti yake ikamshangaza mwenyewe jinsi ilivyotulia. "Ni skafu yako, nimekurudishia. Ulimletea baba yangu, ukamnywesha, halafu ukamwomba macho ya Tara. Kwetu hiyo ni ahadi. Nimekuja kuivunja mimi, binti yake, aibu iwe yangu. Simba anatiwa macho na mgeni. Tara hatiwi macho na mgeni."

Bi Teale aliendelea kutabasamu, maana kamera zilikuwa zinawaka, ila maneno yaliyopita kati ya meno hayakuwa ya tabasamu. Alimwambia Norzom kwamba akiharibu shughuli hii picha itashuka leo leo, na hapatakuwa tena na mchoraji wa Queens kwenye kuta hizi maadamu yeye yu hai.

"Iteremshe," Norzom akasema.

"Unasema?"

"Iteremshe. Nitambeba mgongoni kwenye treni, na macho atafunguliwa sebuleni kwangu."

Bwana Haldane hakuzoea kusimama akisubiri. Alikohoa. Akasema ameambiwa ni heshima, ameikubali heshima, brashi anayo, na angependa wamalize kabla goti lake halijamsumbua. Akapiga hatua kuelekea kwa Tara.

Ngoma ikalia pigo moja.

Simba akaja mbio kutoka kona, akajitupa chini kifudifudi mbele ya ukuta wa katikati, akalala.

Bwana Haldane akazunguka kushoto. Mkia wa simba ukahamia kushoto. Akaenda kulia. Kichwa cha simba kikamfuata, kikafumbua jicho moja, kikafumba. Watu wakaanza kucheka tena, na Bi Teale akamkazia Shen macho, lakini Shen alikuwa ameinua mikono, uso wa mtu asiyejua lolote.

Ndipo mlango ukafunguliwa.

Mzee Ngodup aliingia amevaa joho lake la kahawia, lile la harusi na mazishi, na mkononi mfuko wa plastiki wa dukani. Alikuwa amekuja peke yake kwa treni, yeye ambaye Manhattan humtia kizunguzungu. Wanawake wakampisha njia, wakiinamisha vichwa.

"Huyu hapa," Bi Teale akasema, akashusha pumzi. "Mzee mwenyewe. Yeye atatuambia ukweli."

Norzom akarudi nyuma hatua moja. Alimjua baba yake. Alikuwa amekuja kutimiza neno lake, na neno la mzee huyu halikuwahi kuvunjika hata lilipomvunja yeye.

Mzee alipita mbele ya binti yake bila kusimama. Akafika kwa Bi Teale. Akatoa mfukoni chupa na glasi. Akamimina, mkono ukitetemeka kiasi kwamba nusu ya pombe ilimwagika kwenye ile sakafu ing'aayo, na akampa, kwa mikono miwili, ameinama.

"Mwambie anywe," akamwambia Norzom kwa lugha yao.

"Baba, naomba usi—"

"Mwambie, mwanangu."

Norzom akatafsiri. Bi Teale akaichukua glasi kwa furaha, akainua juu wageni wamwone, akaonja. Mzee akaongeza. Akaonja. Mzee akaongeza. Bi Teale, mama mwenye bidii ya adabu, akamaliza yote, akageuza glasi kuonyesha kwamba imekauka.

Mzee akanyoosha mgongo. Kwa mara ya kwanza tangu alfajiri alimtazama binti yake, na Norzom akaona kwenye yale macho ya kizee kitu ambacho hakukiona siku nyingi.

"Sasa mwambie," mzee akasema, "kwamba skafu ameivaa na pombe ameinywa. Na mimi nina ombi."

Ilichukua muda kidogo kueleweka. Kwanza Dada Lhazey akaguna. Kisha aliye karibu naye akaguna. Kisha kundi zima la nyuma likaangua kicheko, wakipigana mabega, wakishikana aproni, mwanamke mmoja akamwambia mwenzake kameza ndoano na kamba yake.

Norzom akaeleza kwa kipaza sauti, neno kwa neno, na ombi la baba yake akalisema mwisho. Anaomba macho ya Tara.

Bi Teale alishika skafu shingoni kana kwamba imeanza kumbana. Akamtazama Bwana Haldane. Akatazama kamera. Akasema, kwa sauti ndogo, kwamba yeye hakujua.

"Na baba hakujua," Norzom akasema. "Ila aliheshimu."

Bwana Haldane ndiye aliyeumaliza ubishi. Aliomba aelezwe tena, taratibu. Alipoelezwa akatikisa kichwa, akasema katika maisha yake ya biashara amewanywesha watu wengi namna hiyo na kamwe hakuwaona wakirudi na chupa. Akampa mzee brashi.

"Shika, bwana. Goti langu linauma na huyu simba hana nia ya kuondoka."

Simba akaondoka.

Brashi ikawa mkononi mwa Mzee Ngodup, ikitetemeka kama jani. Akaitazama. Ukumbi wote ukaitazama. Kisha akageuka, akaishika kwa mikono miwili kama mtu anayetoa skafu, akainama mbele ya binti yake, yeye baba, yeye mwalimu, mbele ya mtaa mzima, ule ule alioogopa utasema.

"Sasa ni yangu," akasema. "Sasa naweza kukupa."

Norzom hakulia. Alitaka, akajizuia, kwa kuwa macho yenye maji hayachori mstari. Akaipokea. Akamwomba Shen awaombe wageni wageuze migongo, na Shen akawageuza, Wamarekani na Wachina na Watibeti, kamera na glasi zao, wote wakautazama ukuta wa pili kama watoto walioadhibiwa. Hata Bi Teale akageuka. Ni Pelkyi tu, begani kwa Dada Lhazey, aliyebaki akitazama mbele, sababu aliyembeba ndiye aliyegeuka.

Norzom akajifunga kitambaa mdomoni. Akavuta pumzi. Akashika pindo la hariri ya manjano, akaiinua polepole, kutoka kwenye ua, kutoka kwenye goti, kutoka kwenye mkono ule wa kijani uliofunguka, mpaka juu.

Brashi ikasimama hewani.

Alimwangalia baba yake. Baba yake alikuwa anatikisa kichwa, hapana, si mimi, hapana.

Na nyuma ya migongo yote ile, Pelkyi akasema kwa sauti:

"Mama, jicho moja linaniangalia."